Namba isiyouma

Alhamisi ya tarehe 4 Januari 2018, wazazi wa Njombe wakiwa katikati ya pilikapilika za sare na madaftari ya muhula mpya, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzifunga benki tano kwa mkupuo. Nne zilikuwa za mbali: Covenant Bank for Women, Efatha Bank, Kagera Farmers' Cooperative Bank na Meru Community Bank. Ya tano ilikuwa ya nyumbani. Njombe Community Bank, benki iliyoanzishwa ili mkulima wa viazi na mama mwenye genge wapate pa kuweka na pa kukopa, ilifutiwa leseni siku hiyo, na Bodi ya Bima ya Amana ikakabidhiwa kazi ya ufilisi. Mwenye akiba alikuwa na uhakika wa kulipwa hadi shilingi milioni 1.5. Aliyeweka zaidi ya hapo ilibidi angoje madeni yakusanywe na mali ziuzwe.

Sababu ilikuwa namba. Benki ya wananchi ilitakiwa kuwa na mtaji usiopungua shilingi bilioni 2, na muda wa kufikisha kiwango hicho ulimalizika pamoja na mwaka 2017. Mteja aliyesimama dirishani asingeweza kuiona namba hiyo. Karani alihesabu noti kama kawaida, muhuri ukagonga kitabu cha akiba, mlinzi akafungua mlango saa ile ile ya kila siku. Mtaji pungufu hauna harufu wala hausababishi homa. Waliokuwa wakiusoma ni wakaguzi, kwenye karatasi, na wenye benki waliijua hesabu hiyo muda mrefu kabla ya Januari.

Mwilini nako kuna namba ya aina hiyo.

Vitabu vya afya huiita lehemu. Wataalamu husema kolesteroli, na watu kwenye benchi la zahanati husema "mafuta kwenye damu". Si sumu. Bila hiyo mwili usingejenga kuta za seli, usingetengeneza homoni kadhaa, wala ini lisingepata malighafi ya nyongo. Shida huanza pale aina yake moja, inayojulikana kwa herufi LDL, inapozidi kwenye damu kwa miaka. Hupenya kidogo kidogo kwenye kuta za mishipa, ikajenga utando mgumu unaokua kwa miongo, hadi siku moja utando upasuke na damu igande hapo hapo. Mshipa ukiwa wa moyo, huo ni mshtuko wa moyo. Ukiwa wa ubongo, ni kiharusi. Kabla ya siku hiyo mwenye nao anaweza kuwa analima ekari yake vizuri, anapanda mlima kwenda kanisani bila kuhema, na akiulizwa habari anajibu ni nzuri, na ni nzuri kweli kwa kadiri anavyojua.

Kwa muda mrefu jambo hili lilihesabiwa kuwa la watu wengine, na haikuwa bila sababu. Mwaka 1959 madaktari A. G. Shaper na K. W. Jones, waliokuwa wakifanya kazi Kampala, walichapisha matokeo ya vipimo vya damu vya Waafrika na Waasia wa Uganda. Waasia walikuwa na kolesteroli ya juu na maradhi ya mishipa ya moyo yaliwaandama. Kwa Waafrika kolesteroli ilikuwa ya chini na ugonjwa huo ulikuwa nadra mno. Miaka mitano baadaye Mmarekani George Mann na wenzake waliandika juu ya Wamasai wa Tanganyika, watu walioishi kwa maziwa na nyama, ambao kwa hesabu za Ulaya walipaswa kuwa wagonjwa. Damu yao ilikuwa na kolesteroli ndogo, na mioyo yao ilikuwa imara. Mabishano juu ya sababu hayajaisha hadi leo, ingawa yeyote aliyewahi kumfuata morani nyuma ya ng'ombe kwa siku nzima anajua walau sababu moja.

Tanganyika ile haipo tena. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowapima watu wazima wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 26 wana kolesteroli iliyopanda. Asilimia 25.9 walikuwa na shinikizo la damu na asilimia 9.1 walikuwa na kisukari. Mtu mmoja kati ya wanne, kwa hiyo, alikuwa amebeba namba mbaya, na wengi wao hawakuwahi kupimwa kabla ya siku hiyo.

Makambako, mkoani Njombe, inaonyesha sehemu ya mabadiliko hayo kwa macho. Mji huu umekaa pale barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu ya kwenda Zambia, na reli ya TAZARA iliyokabidhiwa mwaka 1976 inapita hapo hapo. Malori hulala, mabasi hushusha abiria dakika chache, na mji mzima umejifunza kulisha watu wenye haraka. Chipsi mayai, kuku wa kukaanga, kitimoto, soda. Viazi vinatoka mashamba ya jirani, vinaingia kwenye mafuta yaliyokwisha kuchemshwa mara nyingi, na kijana aliyekuwa akivilima kwa jembe sasa anaviuza amekaa, anaendesha bodaboda amekaa, na jioni anatazama mpira amekaa. Juu ya hayo kuna baridi ya Juni na Julai, ambayo huwafanya watu wa nyanda hizi wapende kilichonona.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji wa mafuta hawalielezi vizuri. Dumu la mafuta ya alizeti huandikwa kwa fahari kwamba halina kolesteroli, na mnunuzi huona amepata bidhaa ya pekee. Hakuna mafuta ya mmea yaliyo na kolesteroli ya kuhesabika. Kolesteroli hupatikana kwenye vyakula vya wanyama, na iliyo nyingi mwilini hutengenezwa na ini lenyewe. Parachichi, ambalo limewabadilishia maisha wakulima wengi wa Njombe kiasi kwamba watu huliita dhahabu ya kijani, lina mafuta tele, lakini ni ya aina inayosaidia mishipa. Inasikitisha kuona mzee aliyeambiwa "acha mafuta" anaacha parachichi la shambani kwake, na kitimoto cha Jumamosi kinabaki palepale.

Chakula na mwendo huishusha namba kwa baadhi ya watu. Kwa wengine haitoshi, na hapo ndipo huingia kidonge.

Dawa za kundi la statini zilianzia kwenye duka la nafaka. Mjapani Akira Endo, mtoto wa wakulima kutoka mkoa wa Akita aliyezaliwa mwaka 1933, alikuwa mtafiti wa kampuni ya dawa ya Sankyo. Alijua kwamba kuvu hupigana na viumbe wengine kwa kemikali, kama Fleming alivyoonyesha kwa penisilini. Akajiuliza kama hakuna kuvu inayojilinda kwa kuwazuia adui zake wasitengeneze lehemu. Kuanzia mwaka 1971 yeye na wenzake walipima aina zaidi ya 6,000. Walichokuwa wakikitafuta kilipatikana kwenye ukungu wa buluu na kijani uliotoka kwenye mchele wa duka moja la nafaka mjini Kyoto. Panya wa maabara hawakuitikia dawa hiyo. Endo akaijaribu kwa kuku wa mayai, na kolesteroli yao ikashuka.

Namna inavyofanya kazi mtu wa wilaya ya Wanging'ombe, mkoani Njombe, anaweza kuielewa upesi. Statini hukizuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengenezea kolesteroli. Ini likipungukiwa, hufanya kama kaya ambayo bomba lake limekauka: hutoka kwenda kuchota nje. Huongeza vipokezi vya kunasia LDL na kuivuta kutoka kwenye damu, na damu hubaki safi zaidi. Ugunduzi wa vipokezi hivyo uliwapa Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Endo hakuipata hadi alipofariki mwaka 2024.

Dawa yake ya kwanza haikufika sokoni. Sankyo iliisitisha mwaka 1980 baada ya majaribio ya mbwa kutia hofu. Kampuni ya Merck ya Marekani, iliyokuwa imepata kemikali ya karibu sana na hiyo kutoka kuvu nyingine, ndiyo iliyofika kwanza, na mwaka 1987 lovastatini ikaidhinishwa. Wenye shaka walibaki wengi hadi mwaka 1994, yalipotoka matokeo ya utafiti wa nchi za Skandinavia uliowafuatilia wagonjwa wa moyo 4,444. Kati ya waliotumia simvastatini, vifo vilipungua kwa asilimia 30. Tafiti nyingi zilizofuata zikakusanywa pamoja na kutoa kanuni ambayo madaktari huitumia hadi leo: kila LDL inaposhuka kwa kipimo kimoja cha milimoli kwa lita, mishtuko ya moyo na viharusi hupungua kwa takribani moja ya tano.

Kisha ikaja atorvastatini, iliyouzwa kwa jina la Lipitor, dawa iliyoiingizia kampuni ya Pfizer fedha ambazo hakuna kidonge kilichowahi kuziingiza kabla yake. Ilitengenezwa na mkemia Bruce Roth kwenye maabara za Parke-Davis mjini Ann Arbor, jimbo la Michigan. Wafanyakazi waliyapanga maisha yao kuzizunguka maabara hizo. Watu walinunua nyumba, walisomesha watoto, waliamini kwamba mahali palipozaa dawa ya namna ile hapawezi kufungwa. Januari 2007, Lipitor ikiwa bado inaongoza duniani kwa mauzo, Pfizer ilitangaza kuzifunga maabara hizo. Watu wapatao 2,100 walikuwa wakifanya kazi hapo. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Michigan kiliyanunua majengo. Waliokuwa na akiba Njombe Community Bank wangeielewa habari hiyo bila mkalimani.

Hatimiliki ya Lipitor nchini Marekani ilipokwisha Novemba 2011, viwanda vingine viliruhusiwa kutengeneza atorvastatini, na bei ikaporomoka. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kuiingiza simvastatini kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2007. Kidonge kilichokuwa cha matajiri leo kimo kwenye rafu za famasi za Njombe na Makambako, kimetoka India au kwingineko. Tatizo limehama. Ugumu uliobaki ni kumfanya mtu akinywe leo, kesho, mwezi ujao, na mwaka wa kumi, hali hakuna siku atakayoamka akisema amepata nafuu.

Kiswahili chetu cha hospitali kimejengwa juu ya neno dozi. Mgonjwa husisitiziwa amalize dozi. Dawa ya malaria ina dozi ya siku tatu. Ya kifua kikuu ni ya miezi sita, na mtu huivumilia kwa sababu mwisho wake unaonekana. Swali la kwanza dirishani karibu kila mara ni lile lile: hii inaisha lini? Statini haiishi. Mtu aliyepewa karatasi tatu za vidonge kumi kumi huzimaliza, hujiona mzima, na kwa akili timamu kabisa huamua amepona. Hakuna haja ya kumwita mkaidi. Hakuna aliyemwambia kwamba neno dozi hapa halifanyi kazi.

Nani alipaswa kumwambia?

Kulikuwa na wakati ambapo jibu lilikuwa redio. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilichapa vijitabu, Redio Tanzania Dar es Salaam ikatangaza vipindi, na vijijini watu walikaa kwa vikundi, kiongozi akiwa na kitabu na redio moja katikati. Walioshiriki walikadiriwa kufika milioni 2, katika nchi iliyokuwa na watu kama milioni 14. Walijifunza juu ya malaria, kichocho, kuhara na kifua kikuu, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Haikuwa kampeni isiyo na dosari, lakini iliwafikia watu wakiwa pamoja, kwa lugha moja, na kila mmoja alijua jirani yake amesikia maneno yale yale.

Nyanda za Juu Kusini, mahali penye Walutheri wengi, zilikuwa na sauti nyingine pia. Redio ya Sauti ya Injili, iliyoanza kurusha matangazo kutoka Addis Ababa mwaka 1963 chini ya Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani, ilitangaza kwa Kiswahili vipindi vilivyotayarishwa Moshi, vya dini na vya maisha ya kila siku. Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia iliitaifisha na sauti ile ikakatika. Studio ya Moshi ilibaki, lakini mitambo mikubwa ilikuwa imekwenda.

Redio Tanzania nayo ilibadilishwa jina na muundo, ikawa sehemu ya Taasisi ya Utangazaji Tanzania (TUT) na baadaye Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC). Magazeti yalizaliwa kwa wingi miaka ya 1990, kisha yakaanza kupukutika. Tanzania Daima lilifutiwa leseni Juni 2020. Zuio liliondolewa Februari 2022, pamoja na la MwanaHalisi, Mawio na Mseto, lakini gazeti lililokaa kimya kwa miaka haliwakuti wasomaji wake pale lilipowaacha. Desemba 2020 kampuni ya New Habari, yenye Mtanzania, Rai, Dimba na Bingwa, ilisitisha uchapaji kwa sababu ya hali ya fedha. Rai lililokuwa likisomwa na kupokezanwa hadi karatasi zinachakaa likatoweka kwenye meza za wauza magazeti. Na Machi 2025 Sauti ya Amerika ilinyamazishwa kwa amri ya serikali yake, idhaa ya Kiswahili ikiwemo, baada ya miongo mingi ya matangazo.

Mtu anaweza kuuliza haya yote yanahusiana vipi na vidonge vya kolesteroli. Yanahusiana sana, na kuna ushahidi. Nchini Denmark watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya laki sita walioanzishiwa statini kati ya mwaka 1995 na 2010, wakazilinganisha tarehe za kuacha dawa na habari zilizotoka kwenye vyombo vya habari. Habari mbaya juu ya statini zilipoongezeka, walioacha mapema waliongezeka, na walioacha mapema walipata mishtuko ya moyo na kufa kwa mishipa ya moyo zaidi ya walioendelea. Uingereza ilishuhudia jambo kama hilo baada ya mabishano makali ya miezi kati ya mwaka 2013 na 2014 kuhusu madhara ya dawa hizo: ilikadiriwa kuwa wagonjwa zaidi ya 200,000 waliacha ndani ya miezi sita. Kichwa cha habari kina uwezo wa kumfikia mtu mezani kwake na kumtoa kidonge mkononi.

Ikiwa gazeti linaweza kudhuru kiasi hicho, kukosekana kwake nako kuna madhara yake. Pengo halikubaki tupu. Redio za mikoani, kama Kings FM ya Njombe na Ice FM ya Makambako, zinasikika jikoni na kwenye bodaboda, na kwa watu wengi ndizo zilizobaki karibu. Lakini simu ya mkononi imeleta pia sauti zisizo na mhariri. Video ya dakika mbili humwahidi mtu kuyeyusha mafuta yote ya mwilini kwa siku saba kwa ndimu, kitunguu saumu na unga fulani unaouzwa na yule yule anayezungumza. Anayetumiwa video hiyo na mwanawe aliye Dar es Salaam huiamini, kwa kuwa imetoka kwa mwanawe.

Madhara ya statini yapo na yasifichwe. Baadhi hupata maumivu ya misuli, na mara chache sana misuli huharibika kweli. Mkojo ukiwa mweusi kama chai na misuli ikiuma, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Mwaka 2001 kampuni ya Bayer iliiondoa sokoni statini yake moja, serivastatini, kwa sababu hiyo hasa. Ila utafiti mdogo wa London uliochapishwa mwaka 2020 unapaswa kujulikana zaidi. Watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa maumivu walipewa, kwa kupokezana miezi, vidonge halisi, vidonge vitupu, na miezi isiyo na kidonge chochote, bila kujua kipi ni kipi kati ya viwili vya kwanza. Takribani asilimia 90 ya maumivu waliyoyapata kwenye statini waliyapata pia kwenye vidonge vitupu. Maumivu yalikuwa ya kweli. Yalichochewa zaidi na tendo la kumeza kile ambacho mtu amekwisha kuambiwa kinaumiza.

Mlango wa dawa wenyewe nao umebadilika. Wenye umri wa kutosha wanakumbuka maduka ya dawa baridi: rafu moja, panadol, dawa ya kikohozi, na mwenye duka aliyejua watoto wa nani wana pumu. Aliruhusiwa dawa zisizohitaji cheti tu, ingawa chini ya kaunta mara nyingi palikuwa na zaidi. Mwaka 2003 Mamlaka ya Chakula na Dawa ilianza mkoani Ruvuma, jirani wa Njombe, mpango wa kuyabadili kuwa maduka ya dawa muhimu, yenye watoa dawa waliopata mafunzo na orodha pana kidogo ya dawa zinazoruhusiwa. Mpango ulienea nchi nzima, maduka ya dawa baridi yakafutwa hatua kwa hatua, na mwaka 2019 mamlaka yenyewe ikawa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mabadiliko hayo yalikuwa ya lazima na yameokoa watu wengi na vidonge vya kubahatisha. Lakini duka la dawa muhimu la kijijini halikuundwa kwa ajili ya dawa kama statini, ambayo inataka daktari, kipimo cha damu na mfamasia. Kwa mkazi wa Igwachanya au vijiji vya bonde la Usangu upande wa Wanging'ombe, hiyo ina maana ya hospitali ya Kilutheri ya Ilembula, au Makambako, au Njombe, kilomita kama 60 mbele ya Makambako. Nauli hulipwa kila mara vidonge vinapokwisha. Na kila anayekwenda anakwenda akitumaini dirisha la mwezi uliopita lipo na lina kitu.

Lakini ikiwa kuna watu nchini wanaojua namna ya kumeza kidonge kimoja kila siku maisha yao yote, ni watu wa Njombe.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 uliukuta mkoa huu ukiongoza Tanzania Bara kwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI: asilimia 12.7 ya watu wenye miaka 15 na zaidi, wakati wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Takwimu hiyo husemwa kwa huzuni, na kuna sababu ya huzuni. Ina upande mwingine. Wengi katika asilimia hiyo wako hai kwa sababu tangu dawa zianze kutolewa bure nchini mwaka 2004, walijifunza jambo gumu: kunywa dawa bila kuumwa, kutunza kadi, kurudi kliniki kwa tarehe, kumwambia mtu mmoja nyumbani akumbushe. Hakuna anayemaliza dozi ya ARV. Wahudumu waliwatafuta walioacha, nyumba kwa nyumba, kwa staha. Hayo yote yalijengwa kwa miaka ishirini.

Watu hao sasa wanazeeka, na virusi vyenyewe, hata vikiwa vimefubazwa, huichosha mishipa ya damu. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti mkubwa wa watu 7,769 wenye virusi katika nchi 12, Uganda ikiwa mojawapo. Waliopewa pitavastatini kila siku walipata mishtuko ya moyo, viharusi na matatizo ya aina hiyo pungufu kwa asilimia 35. Matokeo hayo yanaugusa mkoa wa Njombe kuliko mkoa mwingine wowote wa Tanzania. Mtu ambaye tayari ana kadi, ana tarehe na ana mhudumu anayemfahamu kwa jina, angeweza kuongezewa kidonge cha pili kwenye dirisha lile lile. Ipo tahadhari moja: simvastatini haitumiwi pamoja na baadhi ya ARV za zamani, hasa zile zenye ritonavir, kwa kuwa hupanda mno kwenye damu. Mchanganyiko wenye dolutegravir ambao Tanzania ilianza kuutumia mwaka 2019 hauna tatizo hilo.

Kliniki hizo zilijengwa kwa sehemu kubwa na fedha za Marekani. Januari 2025 misaada hiyo ilisimamishwa, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la USAID, ambalo nembo yake ilikuwa kwenye mabango, magari na masanduku ya dawa kote nyanda hizi, lilifungwa rasmi. Dawa zenyewe hazikukatika kama ilivyohofiwa. Walioguswa kwanza walikuwa watu wa katikati: waliolipwa kumpigia simu aliyepitisha tarehe, waliokwenda kubisha hodi. Kitabu cha mahudhurio kinaweza kubaki mezani, lakini anayekifungua na kusema "huyu hajaja, nani anamjua?" hana mbadala kwenye bajeti ya wilaya. Ni mtu huyo ambaye mgonjwa wa kolesteroli hajawahi kuwa naye hata siku moja.

Kwa sasa, mwenye namba iliyopanda anapambana peke yake. Anaamka mapema kuwahi gari la Makambako, kadi ya bima mfukoni kama anayo, kisanduku kitupu mkononi ili asikosee jina la dawa. Mtoa dawa anakigeuza kisanduku, anakitazama, anavuta kingine kwenye rafu. Anauliza kama miguu inauma. Anaandika juu yake kwa kalamu, 1×1 jioni, anakitia kwenye bahasha ya kaki na kutaja bei.

"Hii inaisha lini?" mteja anauliza.

Nyuma yake foleni imefika mlangoni. Mtoa dawa anaweka kalamu chini na kuanza kumweleza.